Pembe za Asubuhi, Miguu ya Jioni

Naona mmeweka spika kubwa kando ya uwanja na mnaipiga tangu alfajiri mpaka magharibi. Mmekosea. Na kwa kuwa ni nyinyi wenyewe makocha vijana mlioniomba niandike niliyojifunza kabla sijayasahau, nitaanzia hapo hapo. Muziki wa kupashia mwili moto ni dawa ya asubuhi. Jioni ni sukari katika chai iliyokwisha tiwa sukari: mnywaji hadhuriki, lakini msimwambie kuwa hiyo ndiyo iliyompa nguvu. Mkitaka kubishana nami, njooni na daftari, kwa sababu mimi ninalo.

Vyeo na mishahara siandiki. Vyeo vyangu havikuwa vya kusimulia, na mishahara iliondoka pamoja na serikali iliyokuwa ikiilipa. Nitaandika habari za filimbi, saa ya kupimia mbio, daftari la karatasi za mistari, na pembe sita za nyati. Na za watu wachache walionifunza kazi, maana chuo kilinifunza majina ya misuli tu.

Nilizaliwa kisiwa cha Chula, pwani ya Somalia, nikakulia mjini Kismayo. Niliporudi kutoka chuo cha ualimu nilipewa somo la michezo katika shule ya wasichana, na siku ya kwanza nikapangiwa kipindi cha kwanza, saa moja asubuhi. Nilikuwa nimepiga pasi suruali yangu ya michezo mpaka inasimama yenyewe. Nikapuliza filimbi, nikawaambia wazunguke uwanja mara nne. Wakakimbia kama watu wanaopelekwa kudungwa sindano. Nikapiga kelele, wakazidi kuburura miguu. Nikawaita wavivu, mabibi harusi wa chumbani, kila jina nililolijua.

Mtunza uwanja alikuwa pale anachora mistari kwa chokaa. Mzee Shee, mtu mwembamba, zamani alikuwa mkimbiaji wa jeshi. Alisema Kibajuni cha visiwani, *mchu* badala ya mtu, *yua* badala ya jua, na hakukibadilisha hata mbele ya mkaguzi wa elimu aliyetoka makao makuu. Akaweka ndoo yake chini.

"Maalima," akaniambia, kwani huko kwetu mwalimu mwanamke huitwa hivyo, "usivapigie kelele vana va vachu. Yua lenyewe halijapanda. Wao wapande vipi?"

"Hii ni kazi, Mzee Shee. Kazi haingoji jua."

"Haya. Niwekee mkono shingoni."

Nikasita, kisha nikamgusa shingo kwa vidole viwili. Ilikuwa baridi. Akaniambia nije nimguse tena alasiri. Nikaja, na shingo ilikuwa ya moto, na mzee hakuwa amefanya lolote la maana mchana kutwa ila kukaa kivulini na kunisubiri. Hilo ndilo somo langu la kwanza la kazi, na halikuwemo katika kitabu chochote nilichokuwa nimebeba.

Alinifundisha kupima. Mtu yule yule, umbali ule ule, miguu mitupu kama jana, asubuhi na jioni. Daftari nikaligawa safu mbili. Mwezi haukuisha ila nilikuwa nimejua: karibu wote walikuwa wazito asubuhi na wepesi jioni, hodari kwa mvivu. Wale niliowaita mabibi harusi wa chumbani niliwaomba msamaha mbele ya darasa zima. Mwalimu mkuu akaniita na kuniambia kuwa mwalimu haombi msamaha kwa wanafunzi. Nikamjibu kuwa basi mwalimu asikosee.

Taabu ni kwamba mashindano ya shule yalikuwa yakifanywa asubuhi, ili wakubwa wasipigwe na jua. Hao wakubwa walikaa chini ya turubai, lakini ndio hivyo.

Pembe ziliingia kwa arusi ya jirani. Kwetu wanawake wakimwimbia biarusi hugonga pembe za nyati kwa vijiti vifupi, ngoma hiyo ikiitwa vugo, wakijipanga pande mbili, upande mmoja ukichokoza na wa pili ukijibu. Asubuhi ile niliwaona watu wazima waliokuwa wamepika usiku kucha, magoti yamevimba, wakisimama kivivu kushika pembe. Hawakumaliza wimbo wa pili ila walikuwa wanaruka. Nikamgusa mmoja shingo. Alidhani nimechanganyikiwa.

Kiongozi wao aliitwa Bibi Maka, mwanamke wa Chula kama mimi, mfupi, sauti yake inavuka mtaa. Siku ya pili nikaazima kwake pembe sita bila kumweleza za nini. Alfajiri iliyofuata nikawapa wasichana sita wagonge huku wenzao wanapasha mwili. Hazikupita dakika kumi lango la shule likajaa. Wanawake wa mtaa wote walikuja na leso zao za kutokea, wamejifukiza udi, mmoja amebeba sinia la mahamri kichwani, wanauliza arusi ya nani na mbona hawakualikwa. Bibi Maka alifika wa mwisho, na hakuwa amejifukiza.

"Umewatoa vachu majumbani mwao kwa uongo," akasema. "Pembe hazilii bila biarusi. Tangu bibi yangu hazijalia bila biarusi."

"Bibi Maka, hawa wana miguu imelala. Nataka iamke tu."

"Nimesikia. Biarusi yuko wapi?"

"Hakuna."

"Basi toa biarusi, au nipe pembe zangu."

Nikamshika mkono msichana aliyekuwa karibu, nikamsimamisha mbele. Bibi Maka akamtazama juu mpaka chini, akavua kikuba cha asumini kichwani mwake akakichomeka katika nywele za yule mtoto, akanyakua pembe. Tangu siku hiyo kila asubuhi tulikuwa na biarusi wa zamu. Biarusi ndiye aliyeongoza mazoezi: kuruka, kuinua magoti, kuzungusha mikono, na wenzake wakimfuata kwa mdundo. Mahamri tuliyala. Safu ya asubuhi katika daftari ikaanza kuikimbilia safu ya jioni. Haikuifikia. Nilitaka kuandika kuwa imeifikia, Mzee Shee akaninyang'anya kalamu.

Nikafanya pupa, nikapeleka pembe na jioni pia. Hapo daftari halikunisaidia. Wasichana walifurahi, walicheka, lakini nyakati zao zilibaki karibu pale pale. Nilikasirika kana kwamba daftari limenikosea adabu. Mzee Shee akasema mtu aliyekwisha kuamka huwezi kumwamsha tena, unamsumbua tu. Kwa hiyo mnapoiwasha ile spika saa kumi na moja jioni na kuniambia "tunawapa moto, Mwalimu," nakumbuka nilivyokuwa mjinga kama nyinyi, na najizuia.

Kosa langu kubwa la kazi nalo lililetwa na pembe. Mashindano ya mkoa, mbio zetu asubuhi saa mbili. Bibi Maka alikuja na kundi lake zima, wakajipanga kando ya uwanja, tukaanza vizuri kabisa. Sasa, wimbo wa arusi kwetu haukatizwi. Upande uliochokozwa lazima ujibu, na aliyejibiwa hujibu tena, na hakuna anayeshusha pembe mpaka biarusi atajwe na kusifiwa katika ubeti wa mwisho, maana kukata wimbo ni kumtakia ndoa ikatike. Mwanzishaji mbio akaita mara ya kwanza. Bibi Maka alikuwa ndiyo kwanza ameingia ubeti wa nne. Nikamwashiria, akanipa mgongo. Na nikuambieni kweli, hata mimi nilishindwa kuwatoa wasichana wangu. Kocha mwenye cheti, filimbi shingoni, nikaogopa kumkatia biarusi wa uongo ndoa ya uongo. Tulifika mstarini tumelowa jasho, miguu imeiva kama mihogo. Tulishika mkia mbio zote tatu.

Kocha wa timu moja ya mbali akaniuliza, "Nyinyi mlikuja kuoa au kukimbia?"

"Vyote viwili," nikamwambia. "Na mwakani tutaoa upesi."

Tukaoa upesi. Bibi Maka alinuna juma zima, kisha akatunga nyimbo mpya ambazo biarusi anasifiwa ubeti wa kwanza, ili ukisimama popote umesimama salama. Ndipo nikapata kanuni ninayowaachia: mdundo wa haraka, nyimbo fupi mbili au tatu, kisha kimya. Kimya hicho kitoshe kunywa funda la maji na kufunga kamba za viatu, kisitoshe jasho kukauka. Watu wanadhani kazi ya kocha ni kuchagua wimbo. Kazi ni kujua wakati wa kuunyamazisha, na mimi nilijifunza hilo kwa kushika mkia.

Vita vilipoingia Kismayo mwaka wa tisini na moja, mji ulipita mkono huu ukaenda mkono ule, na kila mkono ulikuja na njaa yake. Sisi Wabajuni hatukuwa na bunduki wala ukoo wa kututetea, kwa hiyo kila aliyepita alianza na sisi. Madawati ya shule yakawa kuni. Magoli yakang'olewa. Mzee Shee aliuawa mlangoni mwa stoo ya uwanja kwa sababu alikataa kutoa ufunguo. Ndani mlikuwa na mipira mitatu, mikuki miwili ya kurusha, na gunia la chokaa. Kuna walioniambia kuwa alikufa kwa ajili ya upuuzi. Niliwafukuza nyumbani kwangu. Mtu aliyekitunza kitu miaka ishirini ana haki ya kukataa kukitoa, na aliyemuua ndiye mpuuzi, na nasema hivyo mpaka leo. Nilimlilia kuliko nilivyomlilia baba yangu, naye baba nilimpenda.

Njiani kutoka mjini tulisimamishwa. Kijana mwenye bunduki akanipekua, akaipata saa yangu ya kupimia mbio, akafikiri ni kitu cha thamani. Akaniamuru nimfundishe kuitumia. Nikamfundisha pa kuianzisha. Pa kuisimamisha sikumfundisha, na natumai ilimhesabia mpaka ikachoka. Daftari hakuliona, lilikuwa ndani ya mkoba wa unga. Bibi Maka alipita na pembe moja aliyoifunga kiunoni chini ya buibui, na mjukuu wake Tima mgongoni, mtoto mkubwa tayari ambaye miguu yake ilikuwa ikiburuta. Mama yake Tima hakuwa tena duniani. Safari ya baharini wengine wameshaieleza na wataieleza tena. Mimi naeleza kazi.

Kambini, karibu na Mombasa, pwani ya Kenya, mwezi wa kwanza nilikaa. Wa pili niliomba uwanja. Palikuwa na kiwanja cha vumbi nyuma ya kambi, na wenyeji walikicheza jioni, kwa hiyo sisi tukapewa asubuhi, kabla ya foleni ya maji. Nikakusanya wasichana kumi na mbili. Wengine walikuwa hawajacheka tangu Kismayo. Bibi Maka akaja na pembe yake moja, wanawake wengine wakashika madumu ya maji matupu, wakagonga. Asumini haikuwepo, biarusi wa zamu alivaa uzi mwekundu.

Wapo waliochukia. Jirani mmoja alinisimamisha mbele ya watu. "Tumezika, Maalima. Watu wamezika wana wao, na wewe wapiga vugo?"

Kabla sijafungua kinywa Bibi Maka alijibu. "Mimi nimezika wangapi, wajua? Niulize nikuhesabie. Nikimaliza kuhesabu nchagonga pembe yangu hii, na wewe uchasikia."

Yule jirani hakurudi. Baadaye mkewe alikuja na dumu.

Tima ndiye aliyekuwa mkimbiaji. Kocha humpata mmoja wa namna ile, na wengine hawampati. Lakini asubuhi alikuwa gogo. Nimefundisha wengi wazito wa asubuhi, wa kumshinda Tima sijamwona. Ungempima alfajiri bila pembe ungemwambia aende akasuke ukili. Kwa pembe, alikuwa mzuri. Jioni, siku chache wenyeji walizotuachia kiwanja, alikuwa kitu kingine kabisa, na jioni kuwepo pembe au kutokuwepo hakukumbadilisha kitu. Nilimwandika hivyo miaka mitatu mfululizo, safu ya asubuhi na safu ya jioni, kwa saa ya mkononi niliyoazimwa na imamu wa kambi, ambaye ngoma hakuipenda lakini watoto aliwapenda.

Kisha zikaja habari kwamba kambi itafungwa. Watu watarudishwa visiwani, ambako waliotufukuza walikuwa bado wapo, au wapelekwe kambi za mbali jangwani. Wachache watahojiwa kwenda ng'ambo. Jina langu lilitoka katika hao wachache. Nilipewa karatasi yenye siku na saa: saa tisa alasiri, kambini, asiyekuwepo jina lake likiitwa anafutwa na hapewi siku nyingine. Niliisoma karatasi hiyo mpaka mikunjo yake ikachanika.

Juma lile lile nikasikia kuwa shule moja ya bweni ya wasichana, upande wa pili wa mji, ina nafasi moja ya bure kwa msichana atakayeshinda mita mia nane. Hawakuuliza anatoka wapi. Kwa Tima nafasi ile ilikuwa shule, kitanda, na miaka minne ya kutorudishwa popote. Asipoipata, yeye na bibi yake walikuwa katika orodha ya kurudi. Mashindano yalikuwa siku ile ile ya mahojiano yangu, saa moja asubuhi. Nikapiga hesabu: mbio saa moja, saa tano niko kambini, saa tisa nakaa mbele ya meza yao nimekwisha oga. Nikamshukuru Mungu kwa kuzipanga saa zake vizuri.

Tulifika na giza linaondoka. Bibi Maka na wanawake wanne walikaa kando, nje ya mstari, wakampigia Tima nyimbo mbili fupi. Wasichana wengine walikuwa wanajinyoosha kimya kimya, wanapiga miayo. Nikanyamazisha pembe kwa wakati wake. Tima akanywa funda la maji, akafunga kamba. Akashinda. Hakushinda kwa mbali, kifua tu, lakini kila mwenye macho aliona.

Msimamizi wa mashindano alikuwa bwana mmoja mrefu mwenye kofia ya kitambaa. Makocha wawili walimwendea wakanong'ona naye. Akaja kwetu.

"Mama, matokeo ya msichana wako siyapokei. Mmempigia ngoma. Mmempa nguvu ambayo wenzake hawakupewa."

"Kanuni gani inakataza kuimba?"

"Hapa ni mashindano, si arusi. Nafasi anapewa wa pili."

Tima alikuwa bado anahema. Alisikia kila neno. Sikumsihi yule bwana, na nataka mlijue hilo, kwa sababu nyinyi mnapenda kusihi. Nikafungua daftari langu hata kabla sijajua nitasema nini, nikaona safu ya pili.

"Unasema ni pembe ndizo zilizokimbia," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Basi warudie jioni. Wote. Saa kumi na moja, hapa hapa. Pembe nitazifunga. Hakuna atakayeimba, hakuna atakayepiga kofi. Akishindwa, nitamwambia mimi mwenyewe kuwa wewe ulikuwa na haki."

Wale makocha wawili wakacheka wakakubali upesi, maana walikuwa wamekwisha amini kuwa bila kelele zetu mtoto yule si kitu. Msimamizi naye akakubali. Akaongeza, "Na kocha awepo mstarini, atie sahihi. Kocha asipokuwepo, msichana wake hakimbii."

Bibi Maka alijua habari za karatasi yangu. Kambi nzima ilijua, na wote tulijua kuwa atakayekuwa kambini saa tisa hawezi kuwahi uwanjani saa kumi na moja. Akanivuta pembeni.

"Nenda, Maalima. Nchakaa naye mimi."

"Umesikia alivyosema."

"Chuchamwomba."

"Hatumwombi," nikasema.

Akavua leso yake ya mabegani. Kisha akaifunga pembe yake ndani ya leso, mafundo mawili, akaiweka mapajani, akakaa hivyo mchana kutwa ili pasiwe na mtu wa kusema aliigusa.

Sitajifanya shujaa. Ule mchana niliogopa. Saa tisa nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya saruji na nilijua kabisa kuwa mtu anasimama kambini na kulisoma jina langu kwa sauti. Na daftari langu lilikuwa na tundu moja: sikuwahi hata siku moja kumkimbiza Tima mara mbili kwa siku. Huenda asubuhi ilikuwa imemla yote. Nilimlaza kivulini, nikampa ndizi mbili na chai, nikamkanda miguu. Ilipofika saa kumi nikamwekea vidole shingoni. Shingo ilikuwa ya moto.

"Maalima, kweli nikimbie bila pembe?"

"Jioni huzihitaji. Nimekuandika miaka mitatu. Sijaandika uongo hata mstari mmoja."

Kupasha mwili alipasha peke yake, kimya. Mlango wa uwanja ulikuwa umejaa watu waliokuja kumwona mkimbizi akishindwa. Mzunguko wa kwanza alikaa wa nne. Mzunguko wa pili, kwenye kona ya mwisho, alitoka nje ya kundi akawapita watatu kana kwamba wamesimama kumsalimia. Tulikuwa tumeahidi kimya, tukanyamaza. Wanawake watano wa Kibajuni wamekaa wima, midomo imefungwa, machozi yanatiririka, na Bibi Maka ameishika leso yenye pembe mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Nafasi kati ya Tima na wa pili ilikuwa kubwa kuliko ya asubuhi mara nyingi. Yule bwana mrefu alivua kofia yake, akanipa kalamu. Nikatia sahihi.

Tima alisoma pale miaka minne. Bibi Maka hakurudishwa; mjukuu akiwa shuleni alipata mahali pa kukaa karibu naye, katika chumba cha uani cha mama mmoja wa Kibajuni wa Lamu, akafa humo akiwa bibi wa watu wengi. Mimi nilibaki Mombasa. Nimewafundisha nyinyi, na walimu wenu. Kila mara hupatikana mtu wa kunihurumia, kuniambia kuwa sasa hivi ningekuwa Ulaya na bima na nyumba yenye moto ukutani. Wanihurumie kwa goti langu, linauma kweli. Kwa hilo jingine, hapana.

Siku iliyofuata zile mbio nilikwenda kambini kwenye ile meza ya mahojiano. Karani alikuwa kijana msafi, faili langu liko mbele yake limepigwa mstari mwekundu.

"Jina lako limeitwa mara tatu jana," akasema. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini."

Akainua macho. "Wewe ni mkimbizi, mama. Huna ruhusa ya kazi. Kazi gani?"

Nikamsogezea daftari, nikamfungulia ukurasa wa jana, safu mbili, asubuhi na jioni. Akausoma, akaurudia, akaniuliza ni nani huyu. Nikamwambia aliyeandikwa ni Tima. Aliyeandika ni mimi, na hiyo ndiyo kazi.